Faili Tupu Halina Uzito

Kila aliyewahi kukesha na kompyuta usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi mradi wa video anaijua ile sentensi. Programu haikufokei wala haikuelezi chochote. Inakwambia tu kwamba faili hili haliwezi kufunguliwa, au aina yake haitambuliki, halafu inakuwekea kitufe kimoja cha kubonyeza: sawa. Sawa ya nini sasa? Umebakiza siku mbili, bando limekata, wenzako wanne wamesimama nyuma ya kiti chako wanapumua kwenye shingo yako, na mashine inataka ukubali kwamba mambo ni sawa.

Tangu filamu yetu ioneshwe pale ukumbini, chumba changu cha hosteli kimegeuka zahanati. Watu wanabisha hodi na flashi mkononi. "Mkuu, hili faili limegoma kuingia." Ukiwahoji, karibu wote wameshajaribu dawa zilezile tatu: kubadilisha herufi za mwisho za jina la faili, kufuta programu na kuiweka upya, na kumlaani aliyewauzia kompyuta. Ya tatu inaleta nafuu kidogo ya moyo. Mbili za kwanza, mara nyingi, hazifanyi kitu. Kwa hiyo nimeona niandike, angalau foleni ya mlangoni ipungue.

Kwanza mradi wenyewe. Tulikuwa watano, mwaka wa tatu, na tulitakiwa kutengeneza filamu ya ukweli ya dakika 12. Tukachagua mama ntilie wa nje ya geti la chini. Waliosoma hapa miaka hii hawahitaji maelezo: vibanda sita, mabenchi yanayoyumba, chapati, maharage, supu ya utumbo asubuhi. Tulipoanza kurekodi, vibanda vilikuwa vimeshapewa siku 14 za kuhama kwa sababu ya upanuzi wa barabara. Sisi tulikuwa tunafukuzana na hizo siku. Mhusika wetu mkuu alikuwa mama wa kibanda cha tatu, na kitu tulichokuwa tunakitafuta kwake ni daftari.

Daftari la madeni, mnalijua. Kaunta buku kubwa lenye jalada jekundu lililolowa mafuta mpaka linang'aa. Bumu likichelewa, nusu ya hosteli inaishi ndani ya daftari lile. Wengine walishahitimu, wana kazi na wana watoto, na bado majina yao yamo humo, chapati mbili na chai, hazijalipwa.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuungaunga. Kamera tuliyoazima kwa kaka mmoja anayepiga video za harusi, iPhone ya mwenzetu mmoja, na simu ya Android ya mwingine. Mimi ndiye niliyekuwa mhariri, kwa hiyo kila kilichorekodiwa kiliishia kwangu. Vifaa vitatu vikaniletea magonjwa matatu, kisha likaja la nne ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Video za iPhone ziliingia kwenye programu zikiwa na sauti bila picha. Mama anaongea, kijiko kinagonga sufuria, bodaboda inapita, na mbele yako ni giza tupu. Ukiifungua video ileile kwa VLC, picha hii hapa, safi kabisa. Basi kundi zima likahitimisha kwamba programu ya kuhariri ni kimeo.

Hapana. Chukua mfano wa hotpoti. Ukiona hotpoti ya bluu mezani, hujui ndani kuna pilau au ugali. Zile herufi za mwisho wa jina la faili, MP4, MOV, MKV, ni hotpoti tu. Chakula chenyewe ni namna picha na sauti zilivyobanwa ili zikae mahali padogo, na hiyo namna ya kubana ndiyo inaitwa kodeki. Ndani ya MP4 unaweza kukuta H.264, iliyopitishwa mwaka 2003, ambayo karibu kila kifaa kinaijua. Unaweza pia kukuta H.265, wengine wanaiita HEVC, ya mwaka 2013, inayoweza kutoa picha ya ubora uleule kwa karibu nusu ya ukubwa. Ila kinachobanwa zaidi kinadai nguvu zaidi kukifungua, na kodeki hiyo ina leseni za kulipiwa, ndiyo maana kuna kompyuta na programu ambazo hazijapewa ufunguo wake. Kwenye Windows, kwa mfano, kuna kipande cha ziada cha kufungua HEVC ambacho Microsoft wanakiuza dukani kwao kwa karibu dola 1. Dola moja si kitu, mpaka ukumbuke kwamba huna kadi ya benki ya kununulia mtandaoni.

Simu za iPhone zimekuwa zikirekodi kwa HEVC tangu iOS 11 ya mwaka 2017, kuanzia iPhone 7, bila kukuuliza. Kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya fomati, unaweza kuchagua ile inayokubalika kila mahali badala ya ile inayookoa nafasi. Hiyo ni kwa video utakazorekodi kesho. Za jana inabidi uzipike upya, yaani uzigeuze kuwa H.264 kwa programu ya bure kama HandBrake. Kompyuta yangu ilichukua dakika 50 kugeuza kipande cha dakika 20, feni ikilia kama mashine ya kusaga.

Sasa elewa kwa nini kubadilisha jina hakusaidii. Kuandika MP4 mahali palipoandikwa MOV ni kubandika karatasi ya "pilau" kwenye hotpoti ya ugali. Lakini kuna wakati chakula ni kizuri, hotpoti tu ndiyo programu haiipendi. Hiyo hutokea sana kwa waliorekodi kioo cha kompyuta, wanaambulia MKV. Hapo huhitaji kupika upya. Unahamisha tu chakula, na kwa FFmpeg ni mstari mmoja:

ffmpeg -i mgonjwa.mkv -c copy mzima.mp4

Sekunde chache, ubora haupungui hata chembe. FFmpeg haina madirisha wala vitufe, unaiandikia amri, na watu wanaikimbia kwa sababu hiyo. Ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, na leo imo ndani ya programu nyingi ambazo hata hujui kwamba unaitumia.

Na VLC je, kwa nini yenyewe inafungua kila kitu? Kwa sababu inatembea na funguo zake, haiombi za Windows. Hapa nachomekea jambo ambalo naona kila mwanafunzi angepaswa kulijua: VLC ilizaliwa chuoni. Mwaka 1996, wanafunzi wa École Centrale Paris walianza mradi wa kurusha video kupitia mtandao wa chuo chao, na mwaka 2001 wakaiachia dunia bure pamoja na msimbo wake wote. Mradi wa wanafunzi. Nilimwambia msimamizi wetu hilo siku alipotukumbusha kwamba miradi yetu huwa inaishia kabatini. Alicheka, alama hakuongeza.

Tuendelee. VLC inafungua lakini programu ya kuhariri inakataa, au inaleta sauti peke yake? Karibu kila mara ni kodeki. Usibahatishe. Kuna programu ndogo ya bure inaitwa MediaInfo. Unaiburutia faili, inakusomea kilichomo: kodeki gani, fremu ngapi kwa sekunde, sauti ya aina gani. Mgonjwa anapimwa kwanza ndipo anaandikiwa dawa. Hata wanaokuja chumbani kwangu usiku wa manane nawaambia hivyohivyo.

Ugonjwa wa Android ni mbaya zaidi kwa sababu faili linaingia vizuri. Picha ipo, sauti ipo, unakata, unaunganisha, unaweka muziki. Unafika dakika ya 15 ya mahojiano unaona mdomo wa mama umefunga na maneno bado yanatoka. Unasogeza sauti kidogo, mwanzo unaharibika. Unarudisha, mwisho unaharibika. Mwenzetu mmoja alikaa saa nzima akikatakata sauti vipande vipande na kuisukuma, nikamwonea huruma.

Simu ikikwambia inarekodi fremu 30 kwa sekunde, hiyo ni nia, siyo ahadi. Kukiwa na kigiza, au simu ikipata joto, inashuka mpaka 28, 24, halafu inapanda tena. Ndani ya faili kuna kumbukumbu ya saa ya kila fremu, kwa hiyo kicheza video kinaifuata na mambo yanaenda. Programu nyingi za kuhariri zinataka mwendo mmoja tu, na zikikutana na mwendo wa kuyumba zinaupiga pasi zenyewe, sauti inaachwa ilipokuwa. MediaInfo itakuandikia kwamba mwendo wa fremu ni wa kubadilika. Dawa ni HandBrake tena, na kwenye sehemu ya video uchague mwendo usiobadilika, kabla hujaanza kukata chochote. Ukishakata, dawa ipo ila inauma.

Kamera ya harusi nitaipitia haraka. Kamera za aina ile hurekodi kwa AVCHD, na kipande kirefu zinakigawa katika mafaili kadhaa ya MTS, kwa sababu kadi zenye mfumo wa FAT32 hazipokei faili linalofika GB 4. Kaka mwenye kamera alitukopia yale mafaili ya MTS tu, akaacha makabrasha mengine kwenye kadi akidhani ni takataka. Kumbe humo ndimo yalimo maelezo ya namna vipande vinavyoungana. Bila hayo, kila kiungio kilimeza neno. "Nilianza mwaka elfu mbili na..." kisha kimya, kisha "...huyu wa pili." Nilimpigia Ijumaa asubuhi na yeye ana harusi Jumamosi, kadi ile ile ilikuwa inaenda kufutwa. Tukapanda boda mpaka kwake. Kopi kadi nzima, ndugu yangu, na yale makabrasha yenye majina ya ajabu usiyaguse.

Na kitu kingine, kwa kuwa nimeshaanza: neno lenyewe la "kuingiza" linadanganya. Unaposema umeingiza video kwenye programu, hujaingiza kitu. Programu imeandika anwani tu: video fulani ipo diski fulani, kabrasha fulani. Ukihamisha kabrasha, au mwenzako akiondoka na diski ya nje kwenda nayo kwao wikiendi, ukifungua mradi unakutana na wekundu mtupu, mafaili hayaonekani. Watu wanalia kwamba kazi imefutika. Haijafutika. Rudisha diski, ielekeze programu mahali yalipo, kila kitu kinarudi. Ila siku diski ikiibiwa kwenye daladala, ndiyo utajua kwamba ndani ya mradi wako hamkuwa na video hata moja.

Sasa faili la nne.

Siku ya mwisho ya vibanda ilikuwa Jumatano. Greda lilisemwa litakuja Alhamisi. Mama alikuwa ameahidi kwamba jioni hiyo atalisoma daftari mbele ya kamera, jina kwa jina, kisha atalifunga. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, akikunja chapati: "Nikishalisoma leo, wanangu, nalifunga. Sidai tena mtu." Kamera ya harusi ilikuwa kazini kwake, iPhone haikuwa na nafasi, ikabaki Android. Iliwekwa juu ya kreti za soda, jua la saa kumi likiipiga moja kwa moja. Ni simu ya zamani, betri yake imechoka. Mama akasoma. Mwaka 2016, mwaka 2017. Kwa wengine alisimama kueleza: huyu alifiwa na baba, huyu alikosa ada akarudi kijijini, huyu alilipa nusu halafu akaniletea kitenge. Simu ilizima yenyewe mama akiwa katikati ya ukurasa.

Ilipowaka, faili lilikuwepo bila ile picha ndogo ya mbele. Halichezi. Programu ya kuhariri ilikataa, na safari hii VLC nayo ikakataa, ndipo nikajua kwamba hili siyo suala la kodeki. Alhamisi saa tatu asubuhi vibanda havikuwepo tena. Mama alikwenda kwa dada yake Mkuranga. Tulitakiwa kukabidhi Jumatatu.

Kundi lilikaa Alhamisi usiku. Mwongozaji wetu akasema jambo ambalo kwa kweli lilikuwa na mantiki: twende Mkuranga Jumamosi, mama asome tena. Daftari analo, sauti ni ileile. Tutamweka karibu na ukuta wa mabati, mtazamaji hatajua. Mimi nilikataa. Nilisema kwamba mtazamaji asijue ndiyo tatizo lenyewe. Yule mama alilisoma mara moja, mahali pake, siku ya mwisho ya mahali pake, na alishasema akimaliza analifunga. Tukimwambia alifungue tena kwa sababu simu yetu ilizima, atalifungua, maana hawezi kutunyima. Hapo filamu ya ukweli inageuka maigizo na sisi ndio tutakuwa tumemwigizisha. Mwongozaji akaniuliza kama huo msimamo wangu utatulipia alama. Tukapiga kura: watatu kwenda Mkuranga, wawili hapana. Nikaomba mpaka Ijumaa usiku. Faili likifunguka, hatuendi.

Kilichonipa jeuri ya kuomba muda ni uzito. Faili lile lilikuwa na GB 1.7. Asubuhi ya siku ileile, simu ileile, kwa mipangilio ileile, ilikuwa imerekodi kipande cha dakika 2 chenye MB 255, yaani kama MB 127 kwa dakika. Gawanya: dakika 13 na ushee. Mama alisoma kama hizohizo. Faili tupu halina uzito. Dakika zote zilikuwemo humo, ila hakuna aliyejua mlango uko wapi.

FFmpeg ndiyo iliyosema ukweli kwa maneno machache: haijaona "moov". Nieleze. Simu inaporekodi, inamwaga picha na sauti mfululizo kwenye faili, kama mtu anayeandika kitabu bila kuweka namba za kurasa. Ukibonyeza kitufe cha kusimamisha, ndipo inapoandika faharasa mwishoni: fremu ya kwanza ipo hapa, ya pili pale, kila moja inakaa muda gani, sauti imekaa wapi. Hiyo faharasa ndiyo moov. Simu ikizima kabla hujabonyeza, kitabu kipo chote na faharasa haipo, na hakuna msomaji anayekubali kukifungua. Ndiyo maana nasema kwa msisitizo: video ya namna hii usiifute. Na simu au kadi iliyokuwa imelibeba usiendelee kuirekodia.

Ipo programu ya bure inaitwa untrunc kwa kazi hii. Unaipa mafaili mawili, moja bovu na moja zima, na lile zima lazima litoke kwenye kifaa kilekile chenye mipangilio ileile. Inasoma lile zima kujifunza simu hii huwa inapanga vitu vyake vipi, halafu inapita ndani ya lile bovu ikikisia: hii ni fremu, hii ni sauti, hii ni fremu. Kile kipande cha asubuhi cha dakika 2, ambacho kilikuwa cha majaribio tu, paka amelala juu ya gunia la mkaa, ndicho kilichokuwa faili zima. Bila paka yule tungekuwa hatuna kitu cha kufananishia.

Nililikopia lile bovu mara mbili kwanza, nikafanyia kazi nakala. Jaribio la kwanza lilitoa sekunde 4. Nikatafuta toleo lingine la programu ileile, ambalo watu wengine wameliendeleza, nikalipakua kwa bando la usiku. Saa nane na nusu usiku likanipa dakika 11.

Sikupiga kelele, mwenzangu wa chumba alikuwa na mtihani asubuhi. Picha zilikuwepo tangu mwanzo, mama amekaa, mkono mmoja kwenye daftari. Sauti ilikuwa nzuri mpaka dakika ya 7, baada ya hapo ikawa mikwaruzo, kama redio iliyopoteza stesheni. Na mdomo ulikuwa hauendani na maneno, jambo ambalo sasa mnaweza kulieleza wenyewe: saa ya kila fremu ilikuwa imeandikwa kwenye faharasa, na faharasa haipo, kwa hiyo programu ilizipanga fremu kana kwamba zote zina urefu sawa. Nilizilinganisha kwa mkono. Jirani wa kibanda cha nne alikuwa anagonga mwiko kwenye kikaango kila baada ya muda, anaonekana nyuma ya bega la mama. Kila mgongo wa mwiko ulikuwa alama yangu: unapogusa chuma, sauti iwe hapo. Nilihesabu migongo 19 ndani ya dakika 7.

Zilibaki dakika 4 za picha bila sauti. Mwongozaji alipoziona Ijumaa asubuhi alinyamaza muda, kisha akasema bado anaona twende tukarekodi sauti tu ya hizo dakika 4. Tukakubaliana kwanza tumpigie mama, maana hata ruhusa ya kuonesha majina ya watu hatukuwa tumeiomba vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshakula?"

Tukamweleza. Mtandao ulikuwa unakatika, akasema atatuma ujumbe wa sauti WhatsApp kupitia simu ya mtoto wa dada yake. Ulikuja baada ya saa moja, sekunde 41. Alisema kama sauti imepotea basi afadhali imepotea, kwa sababu usiku ule alilala akiwaza yale majina, kuna mmoja sasa ni mwalimu wa watu, si vizuri wanafunzi wake wamsikie. Akasema mnionyeshe nikisoma, lakini msiwaseme wanangu.

Na ujumbe ule nao uligoma kuingia! Sauti za WhatsApp huja katika kodeki ya Opus, programu nyingi za kuhariri haziijui. FFmpeg tena, kuigeuza kuwa WAV, sekunde 2. (Kama unatuma video kwa WhatsApp kwa ajili ya kuhariri, itume kama hati, siyo kama video. Ikienda kama video inabanwa upya na ubora unakwenda na maji. Kama hati inapita ilivyo, mpaka GB 2.)

Kwa hiyo filamu mliyoiona ukumbini ndiyo hiyo. Katika zile dakika 7 zenye sauti tumefunika kila jina, linasikika deni tu na sababu yake. Kisha sauti inakatika, mama anaendelea kusoma kimyakimya, kidole kinashuka mstari kwa mstari, na juu yake unaingia ujumbe wake wa kutoka Mkuranga. Msimamizi aliuliza kwa nini tuliamua kuzima sauti pale. Mwongozaji, yuleyule, ndiye aliyejibu kwamba hatukuamua, simu ilizima, na akaeleza habari ya faharasa vizuri kuliko nilivyoieleza mimi hapa. Tulipata alama 71. Kuna kundi lililokuwa na drone lilipata 74, sina neno nao.

Kwa wanaoanza miradi muhula huu: chukueni dakika moja kutoka kila kifaa mtakachotumia, muiingize kwenye programu, muikate, muitoe mpaka mwisho, kabla hamjaenda kwa mtu yeyote kumwomba muda wake. Kile kipande kifupi mkitunze. Na rekodini vipande vifupi, dakika tano tano, ili simu ikizima kilichopotea kiwe kipande kimoja.

Kwa hesabu ya uzito, kuna dakika 2 na sehemu ambazo untrunc haikuzifikia. Kila baada ya miezi michache nikisikia toleo jipya limetoka nalijaribu tena kwenye nakala. Mwenye ile simu ameshaiuza. Faili ninalo kwenye diski mbili, pamoja na paka.